Kusoma Mteremko

Huenda baadhi yenu wakashangaa kukuta habari za gofu katika ukurasa ambao aghalabu huzungumza malezi, mapishi na mirathi. Jirani yetu mmoja alipata kutuuliza kwa mzaha, gofu na wanawake wa buibui wapi na wapi. Jibu letu lilikuwa fupi: ndiyo inayotununulia unga.

Sisi ni nyumba ya wanawake wanne na kijana mmoja, hapa Kilifi. Mama yetu, sisi mabinti zake wawili, na mjukuu wake wa kike aliyeko sekondari. Kijana ni kaka wa huyo binti, na wote wawili ni watoto wa ndugu yetu aliyetangulia mbele ya haki, Mwenyezi Mungu amrehemu. Kwa miaka sita sasa kijana huyu ni kedi, yaani mbeba mkoba na msaidizi wa mchezaji, katika kimojawapo cha viwanja vya pwani yetu. Hutoka baada ya sala ya alfajiri na kurudi magharibi, na wakati wa chakula hutueleza aliyoyaona. Hivyo ndivyo tulivyoujua mchezo ambao hatujapata kuugusa.

Watu wengi, wakilisikia neno gofu, humwona mtu akiupiga mpira ukapaa mpaka usionekane. Hiyo ni nusu tu ya shughuli. Kiwanja cha mashimo 18 kwa kawaida huhesabiwa mapigo 72, na katika hayo, 36 yamewekwa kwa kusukuma mpira taratibu juu ya nyasi fupi zinazozunguka shimo, yaani mawili kwa kila shimo. Pahala hapo huitwa grini. Mtu mwenye nguvu za simba akifika kwenye grini nguvu zake hazimfai kitu. Hapo huhitajiwa jicho, utulivu, na zaidi ya yote, kuujua mteremko.

Shimo lenyewe lina upana wa milimita 108, kipimo kilichowekwa kuwa sheria mwaka 1891. Mpira una upana wa milimita 43 hivi. Kwa hesabu hiyo mtu angesema nafasi ni tele, kwani mipira miwili yaweza kuingia bega kwa bega. Kijana wetu husema hesabu hiyo ni ya mpira unaokwenda polepole. Ukienda kwa kasi, shimo hupungua upana: mpira hugusa ukingo, huzunguka, hutoka. Na kwenye mteremko mkali, kwenda polepole ni jambo gumu, maana ardhi yenyewe inauvuta.

Alipotaka kutueleza jinsi mpira unavyopinda, hakutumia maneno ya wachezaji. Alimwuliza bibi yake namna watu walivyokuwa wakivuka mkono wa bahari wa Kilifi kwa mtumbwi kabla ya daraja kukamilika mwaka 1991. Mama akasema: mvushaji akiuelekeza mtumbwi moja kwa moja kwenye gati ya ng'ambo wakati maji yanatoka, atajikuta amechukuliwa upande wa bahari kuu. Basi huuelekeza juu ya mkondo, pahala ambapo hana haja napo, na maji yenyewe humleta gatini. «Basi ndivyo hivyo, bibi,» akasema kijana. Kwenye grini iliyoinama, mchezaji halengi shimo. Hulenga pahala patupu upande wa juu, pengine hatua moja au mbili mbali na shimo, na mteremko huuleta mpira.

Lakini mtumbwi una kasia njiani, na mpira hauna. Ukishaondoka umeondoka. Tena haupindi sawasawa safari nzima. Mwanzoni, ukiwa na mwendo, hupinda kidogo sana, kadiri unavyochoka ndivyo mteremko unavyoushika, na hatua ya mwisho ndiyo yenye upindo mkubwa kupita zote. Kwa hiyo anayesoma njia yote kwa uangalifu akasahau hatua ile ya mwisho amesoma kitabu akaacha ukurasa wenye jibu. Wachezaji wazoefu pia husema kwamba mpira uliopita upande wa juu wa shimo ulikuwa bado na matumaini, kwani mteremko ungeweza kuurudisha. Uliokwisha kushuka chini ya shimo hauna tena njia ya kupanda.

Kupanda na kushuka nako kuna hukumu tafauti. Mpira unaosukumwa kupanda mlima huenda karibu na njia iliyonyooka, na mtu aweza kuupiga kwa ujasiri. Ukilikosa shimo, hautokwenda mbali. Unaosukumwa kushuka ni wa kuguswa tu, kama mtu anavyomsukuma mtoto aliyelala asiamke. Ukizidishiwa nguvu kidogo, hupita shimo, ukaendelea, ukaendelea, mpaka mtu anajikuta mbali kuliko alipoanzia. Ndiyo sababu kedi mjuzi huanza kazi yake mapema, mchezaji angali mita mia na zaidi nyuma. Humwambia: usiutue mpira juu ya shimo, utue chini yake, hata ikiwa mbali zaidi.

Mambo haya hayawatesi wageni wa mchezo pekee. Mwezi wa Juni 2018, katika mashindano makuu ya Marekani yaliyochezwa Shinnecock Hills, bingwa Phil Mickelson, siku aliyotimiza umri wa miaka 48, aliusukuma mpira kwenye grini ya shimo la 13 akauona ukilipita shimo na kushika mteremko. Alipoona hausimami aliukimbilia, akaupiga ungali unatembea. Akaadhibiwa mapigo mawili, na kwa shimo lile moja akaandikiwa 10. Binti yetu alipoonyeshwa picha zake kwenye simu alicheka hata akapaliwa. Kijana hakucheka. Alisema amewahi kuuona uso ule mara nyingi kwa watu wasiokuwa mabingwa.

Sasa, mteremko hauonekani kwa macho kama tunavyodhani. Grini ikiwa kwenye ubavu wa kilima, jicho huchukua kilima kizima kuwa ndio usawa, na mwinamo uliopo hudhaniwa tambarare. Hilo huwapata watu huku kwetu, ambako nchi hupanda kutoka ufukweni na kwingine mtu husimama akaitazama Bahari ya Hindi chini yake. Makedi wa pwani wana kauli yao kwamba mpira hutaka kwenda baharini. Si sheria, lakini ina asili ya kweli: maji ya mvua ndiko yanakokwenda, na wajenzi wa viwanja huzilaza grini ili maji yasituame. Kijana wetu haaminini na macho yake peke yake. Hutembea polepole kandokando ya njia ya mpira na kusikiliza nyayo zake, ni mguu upi uliobeba uzito zaidi. Asema miguu haihadaiki na upeo wa macho.

Kisha kuna nyasi. Nyasi nyingi zinazopandwa katika nchi za joto hutambaa na kulala upande mmoja, na mpira ukienda zinakolala hukimbia, ukienda kinyume hukwama. Huzitambua kwa mng'ao: ukizitazama zikang'aa, zimelala kukuacha, zikionekana nyeusi, zimelala kukuelekea. Asubuhi kuna umande, mpira huenda taratibu na kuacha mstari nyuma yake. Adhuhuri, upepo wa kaskazi ukiwa umekwisha kuzikausha, grini ile ile huwa kama kigae. Wamarekani wana chombo cha kupimia mwendo huo, kilichobuniwa na mchezaji aitwaye Edward Stimpson mwaka 1935. Ni kijibao chenye mfereji, urefu wake sentimita 91 hivi. Mpira huwekwa juu yake, kijibao huinuliwa upande mmoja mpaka mpira uteremke wenyewe, na kinachopimwa ni umbali unaotembea juu ya nyasi mpaka kusimama. Ajabu ni kuwa hupimwa kwenye sehemu tambarare. Kipimo cha mteremko mkali humbakia mwanadamu.

Tungependa wasomaji wetu wajue pia kwamba mtihani huu umefanywa karibu nasi, na wanawake. Vipingo, hapa hapa katika kaunti yetu, penye kiwanja kinachoitwa Baobab, palifanyika mashindano ya wanawake ya Magical Kenya yaliyokuwa katika msafara wa mashindano ya Ulaya. Desemba 2019 alishinda Esther Henseleit wa Ujerumani, akashinda tena 2022. Mwaka 2023 alikuwa Aditi Ashok wa India, na 2024 binti wa Singapore, Shannon Tan. Katika msafara huo huo, mwaka 2022, Ines Laklalech wa Morocco alishinda mashindano ya Ufaransa, akawa mwanamke wa kwanza wa Kiarabu kushinda shindano lake. Binti yetu ameyahifadhi majina haya yote. Suala la mavazi ya uwanjani na stara ya mwanamke limekwisha kutuletea mjadala wa usiku kucha nyumbani, nalo tunaliwekea juma jingine.

Lililotufanya tushike kalamu ni jambo jingine.

Siku moja kijana wetu alimbebea mkoba mgeni mmoja aliyetoka bara. Yeye na wenziwe watatu walikuwa wakiwekeana fedha kwa kila shimo, na zisizopata mshindi zikiongezwa kwenye shimo linalofuata. Klabu haikuwa na mkono katika jambo hilo. Ni mambo ya watu wanne na mifuko yao. Walipofika shimo la mwisho fedha zilikuwa zimerundikana, na mpira wa mgeni ulikuwa juu ya shimo, hatua nne, kwenye mteremko ambao kijana anaujua kama anavyoijua ngazi ya nyumbani. Mgeni alitaka kulenga ukingo wa kushoto. Kijana akamwambia la, alenge jani kavu lililokuwa hatua mbili kushoto, tena auguse mpira kana kwamba shimo liko nusu hatua tu mbele yake.

Kanuni za gofu tangu mwaka 2019 hazimruhusu kedi kusimama nyuma ya mchezaji, katika mstari wa mpira, pindi mchezaji anapoanza kujipanga ili kupiga. Akishasema lake huondoka. Kijana akaondoka. Mpira ukaanza kama usiotaka kwenda, ukafika karibu na jani, ukageuka, ukashuka, ukaingia.

Mgeni akazikusanya fedha za wenziwe, akahesabu sehemu, akampa kijana. Na akasema kwa kinywa chake: «Hii ni haki yako katika tulichowala.» Kiasi kile kilitosha ada ya muhula mzima ya dada yake, ambayo shule ilikwisha kuidai mara mbili kwa barua.

Aliporudi hakuziweka mfukoni wala hakumpa dada yake. Alizitandaza juu ya mkeka, akatueleza kila kitu, akakaa kimya.

Mama alisema papo hapo kwamba fedha zile hazitalala ndani. Mkubwa wetu, ambaye ndiye anayeshughulika na shule na anayezisoma zile barua, hakukubali. Hoja yake haikuwa nyepesi. Alisema kijana hakuweka senti katika dau, hakushindana na mtu, wala hakupiga mpira. Aliuza ujuzi wa macho na miguu yake, kama nahodha anavyouza ujuzi wa miamba. Abiria wake akiwa mwizi, je, nauli ni haramu? Tena kanuni yenyewe ya mchezo inamwamuru aondoke kabla ya pigo. Mkono uliopiga si wake. Mama akamjibu: «Miguu iliondoka, mwanangu, neno likabaki pale.»

Usiku ule hatukuafikiana. Tuliona vigumu zaidi kwa kuwa binti alikuwepo akisikiliza, na ada ilikuwa yake. Hakusema neno. Kulipokucha tukaenda kwa maalim wetu.

Maalim alitusikiliza mpaka mwisho, kisha akataka kuelezwa mchezo wenyewe, na tukajikuta tukimchorea mteremko kwa kidole juu ya vumbi la baraza. Alituambia kwamba kamari imekatazwa wazi katika Suratul Maida, aya ya 90 na ya 91, pamoja na ulevi, na kwamba mchezo si kamari kwa kuwa tu ni mchezo. Zawadi inayotolewa na mtu wa nje kwa mshindi ni mlango mmoja. Na zimo hadithi zinazoruhusu zawadi katika kushindana kwa mishale, farasi na ngamia. Ama watu kuwekeana mali, kila mmoja akiwa aidha anapata aidha anapoteza, huo ni mlango mwingine, na ndio ule waliouingia wanne wale.

Ujira wa kijana, akasema, ni halali: kazi inajulikana, malipo yanajulikana, na mapatano yametangulia. Lau mgeni angelimwongezea bakshishi bila kusema neno, tusingelazimika kumchimba ametoa wapi. Lakini amesema mwenyewe, na kujua hakufutiki. Fedha zile tusizile. Tungeweza kumrudishia, lakini mtu amekwisha kuondoka na angezirudisha mezani kwake. Basi ziende katika jambo la manufaa ya watu wote, bila kutarajia thawabu ya sadaka, kwa sababu si mali yetu ya kutoa sadaka. Allahu aalam, akamalizia, kama ilivyo ada yake.

Zikaenda kutengeneza choo cha umma. Mkubwa wetu, ambaye hakufurahi, alisema angalau sasa pana mteremko mzuri wa maji.

Ada ilichelewa. Tuliomba zamu yetu ya upatu isogezwe mbele, na wanawake wenzetu wakatukubalia, Mwenyezi Mungu awalipe. Binti alikosa siku nne za masomo. Twaliandika hili kwa makusudi, kwa sababu huonekana kama kwamba mtu akishaacha jambo la shaka basi riziki humiminika siku ya pili. Haikumiminika.

Kilichobaki kizito zaidi ni kile ambacho kijana alikwenda kumwuliza maalim peke yake baadaye. Atafanyaje mara nyingine? Akijua kwamba pigo fulani ni la dau, azuie neno lake? Lakini mchezaji amemlipa kwa ajili ya neno hilo, na kumficha mteremko ni kumpunja mwajiri. Aseme? Basi amesaidia. Akiwa amesimama juu ya grini hana njia iliyonyooka. Maalim alimwambia njia iko kabla ya hapo: aseme kabla ya shimo la kwanza, kabla ya kuuinua mkoba. Kwamba yeye hubeba, husafisha, husoma mteremko na kutoa shauri kwa ujira uliopatanwa, lakini mchezo wa dau hauingii, na ikiwa upo, mkoba apewe mwenziwe.

Ni rahisi kuandika. Kwa kedi ambaye hupangiwa zamu, na ambaye kuna wenzake wengi wanaongoja chini ya mwembe, kusema hivyo kwa mtu aliyemzidi umri na cheo ni kujitolea kukosa kazi ya siku. Wachezaji wawili waliokuwa wakimtaka kila juma hawamtaki tena. Mmoja alimwita sheikh mbele ya watu, kwa namna isiyo ya heshima. Yuko mzee mmoja ambaye tangu siku hiyo humwagiza yeye tu, na mzee huyo huwa na shida kubwa ya kupiga mpira unaoshuka, kwa hiyo kazi ipo. Kwa jumla kinachoingia nyumbani kimepungua. Mkubwa wetu huandika hesabu katika daftari, na kila mwisho wa mwezi humwonyesha mama bila kusema kitu. Mama hulitazama daftari, hulirudisha.

Jana magharibi kijana alirudi akiwa amechoka. Alisema nyasi zimekatwa chini sana kwa ajili ya mashindano ya Jumamosi, grini zinakimbia, na shimo la tisa wamelihamishia nyuma, pale penye mgongo, ambapo mpira ukipita kidogo tu haurudi. Akamwonyesha dada yake kwa kukunja mkeka na kubingirisha ndimu. Mama akamwuliza kama amekwisha kusema neno lake na mchezaji wa Jumamosi. Akasema amekwisha. Akaulizwa mchezaji alijibu nini. Akasema alinyamaza kidogo, kisha akauliza mteremko wa shimo la tisa unaelekea wapi.